Salio la Kuanzia

Tulianza na dole gumba la kulia. Taa nyekundu.

Tukahamia kidole cha shahada, taa nyekundu. Cha kati, cha pete, cha mwisho. Kijana aliyeleta mashine ya mahudhurio akamwambia mzee apanguse mikono, mzee akapangusa kwenye suruali. Bado. Akaenda bombani kunawa na sabuni ya unga, akarudi huku akijikung'uta maji. Mkono wa kushoto sasa. Mashine ina sauti ya mwanamke anayeongea Kiingereza, na mara kumi mfululizo ilimwomba mzee wetu wa stoo ajaribu tena.

Kijana akamgeuza kiganja juani, akakiangalia kama mtu anayekagua noti.

"Huyu hana alama."

Hakuwa nazo. Miaka yote ya kubeba saruji, kuvuta nondo na kuchota misumari kwa mkono mtupu imemlainisha vidole vikawa kama kijiko. Mzee akacheka. Vijana wa stoo wakacheka. Na mimi, niliyekuwa nimekalia ndoo ya rangi, kompyuta ikiwa mapajani, nikisajili majina ya watu mmoja mmoja, nikacheka pia.

Ilikuwa Februari 2025. Wiki tisa zimepita na kicheko kile bado kinanikereketa.

Dole gumba na geji

Aliyewahi kuezeka anajua kwamba geji ya bati namba ikipanda bati linapungua unene. Geji 28 ni nene, 30 ni ya kawaida, 32 ni ile inayopiga kelele upepo ukivuma. Tofauti ya 30 na 32 kwa macho huioni. Lebo ndiyo inayokuambia, na lebo inabandikwa na mtu.

Mwaka 2019 lilitushukia kontena la geji 30. Karatasi zote zilisema 30. Mzee wa stoo akavuta bati moja, akalishika pembeni, akalibonyeza kwa dole gumba na kuliachia. Likalia. Akavuta la pili, likalia vilevile. Akaniambia, "Binti, usisaini hapo. Hii ni 32."

Mtoto wa tajiri akakasirika, maana malori yalikuwa yanasubiri na kila saa ina pesa yake. Ikaletwa maikromita, yakapimwa mabati matano. Yote 32.

Dole gumba lile lile.

Sitaki kuuremba mfano huu zaidi ya hapo. Mtu akiusikia anaona nimeshamaliza hoja: mkono wa mzee unajua, mashine haijui. Nami wiki ya kwanza nilifikiri hivyo hivyo. Halafu nikakumbuka kwamba mimi ni mtu wa hesabu, na kinachonikera si mashine.

Kwa kauli

Mtu wa Kariakoo sina haja ya kumweleza mali kauli. Tajiri wetu alianza hivyo, fremu moja Gerezani, mzigo wa watu wengine, anauza kwanza ndipo analipa. Ninachotaka kusema ni kwamba na sisi alituchukua kwa kauli. Mimi niliingia Machi 2012. Mashine za EFD, zile za risiti za kodi, zilikuwa zimeshaanza kusumbua maduka, na alitaka mtu asiyeziogopa. Aliniuliza maswali mawili: unakaa wapi, na baba yako anafanya kazi gani. Akataja mshahara. Akasema kesho uje. Huo ndio ulikuwa mkataba wangu, na ulidumu miaka mingi kuliko ndoa za baadhi ya marafiki zangu.

Ulikuwa na uzuri wake, siwezi kukana. Mwaka 2015 mama alilazwa. Nilikwenda kwa tajiri nikiwa nimejiandaa kueleza mengi, akanikatisha, "Shilingi ngapi?" Akafungua droo, akahesabu, akanipa. Hakuandika popote. Hakuwahi kuuliza. Mei 2023 Kariakoo ilipofunga maduka kwa mambo ya kodi, mtoto wake alisema siku zile zisilipwe, kwa kuwa hakuna aliyeuza. Tajiri akamjibu, "Mgomo ni wangu, njaa iwe yao?" Tukalipwa zote.

Lakini ni tajiri huyo huyo ambaye mwaka 2020, corona ilipokuja na wateja wa mikoani wakakatika, alisimama mlangoni pa stoo akawaambia vijana tisa, "Nendeni, nitawaita." Sita aliwaita. Watatu hakuwaita, na hapakuwa na pa kwenda kulalamika, maana hapakuwa na karatasi iliyosema waliwahi kuwepo. Mmoja nilimkuta Buguruni anauza barakoa. Akanisalimia vizuri tu, akanipa moja ya bure.

Kwa hiyo wenzangu wanaposema zamani ilikuwa familia, mimi nakaa kimya. Ilikuwa familia, na kwenye familia kuna watoto wa kufukuzwa.

Hata mzee wa stoo kauli ilimponza. Kwenye hesabu ya mali ya 2022, ya kwanza kufanywa na mfumo wa kompyuta, mabati yalipungua. Tukahesabu upya, yakapungua vilevile. Mzee akatoa kwenye mfuko wa shati kipande cha khaki kilichokunjwa mara nane. Majina ya mafundi. Alikuwa anawapa mzigo kwa kauli yake mwenyewe, bila kumwambia mtu, na wengi walirudisha. Wawili walikuwa wamehama. Mmoja alikuwa amefariki, na mzee ndiye aliyekwenda kuzika.

Mtoto wa tajiri alikishika kile kipande kwa ncha za vidole. Nilimwelewa. Nilimwelewa na mzee pia, na hapo ndipo taabu yangu inapoanzia.

Tulivyokua

Kwa kifupi tu, kwa sababu habari za kukua zinafanana. Mwaka 2016 serikali ikatangaza kwamba inahamia Dodoma kweli safari hii, na Dodoma ikaanza kula nondo na saruji kama iliyotoka kifungoni. Tukafungua tawi huko mwaka uliofuata. Kisha Mbeya, kisha Mwanza. Mtoto wa tajiri akarudi kutoka masomoni. Stoo ikahamia njia ya Pugu, kubwa, yenye geti. Tulikuwa watu 9 nilipoingia. Sasa tuko 74.

Watu 74 huwezi kuwaendesha kwa droo. Hilo nalisema kwa moyo mweupe, tena ni mimi niliyelisema kwa mara ya kwanza kwenye kikao. Mfumo wa kompyuta nimeushika mimi kuanzia siku ya kwanza. Zamani nilikuwa "dada wa risiti". Leo ni msimamizi wa hesabu, nina meza na mlango, na mtoto wa tajiri hawezi kutia saini cheki kabla sijaipitia. Bila mfumo ningekuwa dada wa risiti mpaka leo.

Basi isije ikaonekana ninaandika kama mhanga. Katika hadithi hii mimi ndiye niliyeshika kalamu.

Swali la daftari

Ukiwa unahamisha biashara kutoka daftarini kwenda kwenye mfumo, kuna kazi moja ambayo ukiikosea umekosea yote. Huwezi kuanza na sifuri. Lazima uingize salio la kuanzia: kila mteja anadaiwa shilingi ngapi mpaka jana usiku, kila msambazaji anatudai ngapi, stoo ina mabati mangapi. Nilitumia wiki sita kwenye kazi hiyo. Nilipekua kaunta buku za mwaka 2009. Nilimpigia simu mteja wa Ifakara kumuuliza kama zile kopo nne za rangi alizirudisha.

Kopo nne za rangi.

Machi mwaka huu ndipo ilipoletwa mikataba mipya ya wafanyakazi wote, kurasa tano kila mmoja. Ofisa utumishi, mgeni kwetu, dada mzuri na mchapakazi, alinipa orodha nimsaidie kuhakiki mishahara. Nikapita mstari kwa mstari. Kwenye safu ya tarehe ya kuanza kazi, majina yote 74 yalikuwa na tarehe moja: 1 Machi 2025.

Nikaangalia jina la mzee wa stoo. 1 Machi 2025. Mtu aliyemfundisha tajiri mwenyewe kupanga nondo zisipinde, yuko kwenye majaribio ya miezi mitatu.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho wiki mbili nilikuwa nakitafuta jina. Tumehamisha deni la kila fundi, kila kopo, kila mfuko uliochanika. Watu tumewaingiza na sifuri.

"Mwaka wangu mnautoa wa nini?"

Nilipinga. Sipendi kujisifia, ila nilipinga, kwa barua pepe na kwa mdomo. Ofisa utumishi akakubali mara moja kwamba haikuwa sawa, akampelekea mwanasheria. Mwanasheria akarudi na tarehe mpya kwa watu wa zamani, tulio kumi na mmoja: 1 Januari 2018. Ndipo kumbukumbu za ajira zinapoanza, alisema. Kabla ya hapo hakuna karatasi.

Niliona nimeshinda. Nikashuka stoo na habari njema.

Mzee alikuwa amekaa juu ya katoni za misumari, anakula muhogo. Nikamweleza vizuri, kama mtu wa hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri akikuachisha bila kosa lako, kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7, angalau, kwa kila mwaka uliotimia, na hesabu inakomea miaka 10. Ukiandikiwa 2018, ikifika 2028 umetimiza kumi. Hapo hata ungeandikiwa mwaka uliozaliwa, haiongezeki shilingi.

"Kwa hiyo mzee, pesa ni ile ile."

Akatafuna. Akameza.

"Mimi nimeanza tisini na sita."

"Najua, mzee."

"Na pesa ni ile ile."

"Ndiyo."

"Sasa kama pesa ni ile ile, binti yangu, mwaka wangu mnautoa wa nini?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitauliza. Akanikatia kipande cha muhogo, nikapanda nacho ofisini kikiwa kwenye gazeti, sikukila.

Miezi 24

Nilimuuliza mwanasheria kwa simu. Akanipa sababu ya kisomi: kampuni ilisajiliwa BRELA, kwa msajili wa makampuni, mwaka 2011. Kabla ya hapo ilikuwa jina la biashara la tajiri, si kampuni. Kampuni haiwezi kuwa na mfanyakazi mwenye umri mkubwa kuliko wake.

Ilinichekesha kidogo. Halafu nikasema, "Basi andika 2011."

Akanyamaza.

Kimya chenyewe hakikuwa kirefu. Alijibu kwamba lazima awasiliane na mkurugenzi, yaani mtoto wa tajiri, na tukaagana vizuri. Ila nilikuwa nimeshakisikia.

Usiku ule nilikuwa kwenye mwendokasi kwenda Kimara, nimesimama, begi kifuani, ndipo ikanijia. Januari 2018 si siku kumbukumbu za ajira zilipoanza. Januari 2018 ndiyo siku tulipoanza kupeleka michango ya NSSF, mfuko wa pensheni. Tawi la Dodoma lilihitaji zabuni, zabuni ikahitaji karatasi safi, tukasafisha. Nakumbuka kwa sababu orodha ya kwanza niliichapa mimi.

Ukimwandikia mtu kwamba yupo kazini kuanzia 2011, umekiri kwa saini yako kwamba kwa miaka saba hukumpelekea mchango. Ukiandika 1996 ndiyo kabisa. NSSF yenyewe iliundwa kwa sheria ya 1997. Mzee wetu kaanza kubeba saruji kabla halijakuwepo shirika la kumlipa pensheni.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Nikachukua kalamu. Pensheni ya uzee inataka michango isiyopungua miezi 180. Mzee anatimiza miaka 60 Januari 2031. Kuanzia Januari 2018 mpaka Desemba 2030 ni miezi 156.

Anapungukiwa 24.

Miezi 24 kwa mtu ambaye mpaka siku ile atakuwa amefanya kazi sehemu moja miaka karibu 35. Atapewa mkupuo waagane. Nami nilikuwa nimekaa mbele yake mchana ule, na muhogo wake mkononi, nikimwambia pesa ni ile ile.

Nikafanya na hesabu yangu. Machi 2012 mpaka Desemba 2017: miezi 70 iliyopotea. Sitaumia sana, nina muda wa kuifikisha 180 mara mbili. Na hapa niseme la aibu: mkataba wangu, wenye tarehe ya 2018, nilikuwa nimeshausaini asubuhi ile. Nilikuwa na haraka ya cheo kipya kuandikwa.

Ijumaa

Tajiri siku hizi anakuja Ijumaa tu, baada ya swala. Anakaa kwenye kiti chake cha zamani, kile cha mbao alichokataa kitupwe, anakunywa kahawa isiyo na sukari kwa amri ya daktari na kuilalamikia kila funda. Nilikwenda kumsalimia. Shikamoo, marahaba, mama hajambo. Nikamwambia nina jambo la mzee wa stoo.

"Yule? Yule aliingia kabla ya El Nino. Mvua zile maji yalituingia dukani mpaka hapa," akaonyesha goti. "Mifuko mia na zaidi ya saruji. Aliipandisha yote darini peke yake, usiku, mimi nashika taa ya chemli. Mfuko mmoja haukulowa. Mmoja!"

Aliniangalia kama anayenidai nishangae, nami nilishangaa kweli.

"Basi tajiri, tuandike hivyo. Tuandike 1996, na ile michango ya nyuma tuizungumze."

Uso wake haukubadilika. Aliweka kikombe chini.

"Yule hawezi kulala njaa mimi nikiwa hai. Unajua hilo."

Najua. Namwamini. Angemjengea nyumba kama angeomba. Lakini tajiri ana miaka 78, na nilikuwa natafuta maneno ya heshima ya kumuuliza: na usipokuwa hai? Hakuna maneno hayo. Au yapo, mimi sikuyapata. Nilikaa nikiangalia droo ile ya mwaka 2015, imefungwa, ina kutu kwenye kitasa, na nikawa sijui kama namtetea mzee au namtukana mtu aliyemtibu mama yangu.

"Ongea na kijana," akasema mwishowe. "Mambo ya makaratasi ni yake."

Kijana nimeongea naye. Hakuwa mkali, hilo lilinishangaza. Alisema alikuwa darasa la tatu hiyo 1996, kwamba deni hili kalikuta, kwamba watu kumi na mmoja mara miaka yote hiyo, pamoja na adhabu za kuchelewesha, ni pesa ya tawi zima, na tawi zima ni ajira za watu. Akaniuliza kama mtu wa hesabu ningefanyaje. Nikamwambia tungeanza na anayekaribia sitini. Miezi 24 ya mtu mmoja si tawi. Akasema atafikiria. Akaongeza, akiwa ameshafungua kompyuta yake, "Hilo lisiandikwe kwenye barua pepe."

Halijaandikwa kwenye barua pepe.

Niandike

Mkataba wa mzee haujasainiwa. Uko kwenye droo yangu, kurasa tano, na kibanio kimeanza kushika kutu. Ofisa utumishi huuliza kila Jumatatu, nami humwambia bado. Yeye anajua kwamba najua.

Kuhusu mashine, kijana aliyeileta alirudi na suluhisho: asiyesomeka vidole apewe namba ya siri ya tarakimu nne. Mzee alipewa. Aliibonyeza siku mbili, siku ya tatu akasema ameisahau. Mtu anayekumbuka kwa kichwa ni kopo ngapi za rangi ya krimu zimebaki rafu ya chini.

Tangu hapo kila asubuhi anapita dirishani kwangu. Hasemi shikamoo, mimi ndiye nimwamkie. Akiitikia, anasema neno moja tu:

"Niandike."

Nina kaunta buku niliyoinunua kwa ajili hiyo. Jina, tarehe, saa ya kuingia. Anasubiri mpaka nimalize, anaiangalia mistari kichwachini kutoka upande wake wa dirisha, anakwenda zake stoo. Leo aliingia saa mbili kasoro dakika kumi na mbili. Buku imebaki na kurasa tatu, nimeshamwagiza kijana wa guta aniletee nyingine.